Shimo la Bamburi Lililorudishiwa Uhai

Hakuna mji katika pwani yetu usiokuwa na shimo lake. Nyumba hazikushuka kutoka juu. Kila ukuta tuuonao umesimama leo ulikuwa hapo kwanza umelala chini ya ardhi, na pale ulipotolewa pamebaki tundu. Mji wa Kale wa Mombasa ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, nayo ni ya matumbawe. Sisi wa leo twajenga kwa saruji, tukajiona tumeacha mambo ya zamani. Walakini saruji yenyewe, ukiitafuta asili yake, ni mawe ya chokaa yaliyosagwa pamoja na udongo, kisha yakachomwa kwa moto mkali. Basi kila mwenye nyumba ana shimo lake mahali fulani, ijapokuwa hajapata kulitia machoni.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwasimulia ndugu wasomaji, na hasa vijana wetu, habari za shimo moja lililo karibu na Mombasa, ambalo halikuachwa kama lilivyochimbwa. Mahali hapo leo ni msitu, na bustani, na maskani ya wanyama na ndege. Huitwa Haller Park, na wengi wetu tumekwenda kuwatazama twiga bila kuuliza chini ya miguu yetu palikuwa na nini.

MAHALI PALIPO

Mwenye kutoka kisiwani Mombasa na kushika njia ya Malindi huvuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la kale lililokuwa likielea juu ya maji. Kisha hupita Kongowea, penye soko kubwa la mboga na matunda, akaendelea upande wa kaskazini hata afike Bamburi. Makondakta wa matatu hupaita hapo Bamburi Mtambo, na jina hilo latosha kueleza habari yote: mtambo wenyewe ni kiwanda cha saruji, ambacho minara yake huonekana kutoka mbali. Bustani ipo karibu na kiwanda hicho, kando ya barabara. Kiingilio hulipwa mlangoni, na makundi ya watoto wa shule hufika hapo kwa wingi.

ASILI YA SHIMO

Yatupasa kwanza tulielewe jiwe lenyewe. Zamani sana, kabla ya kuwapo mji wowote katika pwani hii, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa, na mahali ambapo leo twalima mihogo na kujenga misikiti palikuwa miamba ya matumbawe yenye uhai, samaki wakipita kati yake. Bahari ilipopungua, matumbawe yale yalibaki juu, yakafa, yakashikana yakawa jiwe. Jiwe hilo lina chokaa nyingi, nalo ndilo lililowavutia wenye viwanda.

Kampuni ya saruji ya Bamburi iliundwa mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka 1954. Tangu hapo mashine ziliondoa vichaka, zikaondoa udongo haba uliokuwa juu, kisha zikalivunja jiwe na kulibeba, tabaka baada ya tabaka, mpaka zikakaribia maji yaliyo chini ya ardhi. Ndipo zikahamia mahali pengine. Kilichobaki nyuma kilikuwa uwanda mweupe wa mwamba, mkavu, usio na udongo wa kujaza kiganja. Jua lilipiga juu ya weupe ule likarudi machoni. Hapakuwa na kivuli, wala mdudu, wala ndege wa kumtafuta mdudu. Maji yaliyokuwa chini yalikuwa na chumvi chumvi. Mtu akiulizwa ataje mfano wa ardhi iliyokufa, asingehitaji kutafuta zaidi ya hapo.

KAZI ILIYOANZA MWAKA 1971

Mwaka 1971 kazi ya kulirekebisha shimo hilo ilikabidhiwa Bwana René Haller, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa kilimo na bustani katika kampuni ile ile. Haikuwa kazi ya kupamba. Alipewa jangwa la mawe na kuambiwa aliotesha.

Akaanza kwa kujaribu. Alipanda miche ya namna 26 za miti, ili aone ni ipi itakayovumilia joto, chumvi na kukosa udongo. Baada ya miezi sita namna 23 zilikuwa zimekwisha kufa. Zilizobaki ni tatu tu: mnazi, ambao sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa, na mti wa jamii ya Conocarpus, ambao asili yake ni nchi ya Wasomali, na mvinje.

Katika hiyo mitatu, mvinje ndio uliobeba mzigo mkubwa. Tumeuzoea sana mti huu kando ya bahari, hata hatuuoni tena. Hauogopi upepo wa chumvi, hukua upesi, nguzo na fito zake zimesaidia wajenzi wengi wa Kwale na Kilifi. Tena mizizi yake ina vifundo ambamo hukaa bakteria wenye kazi ya ajabu: huichukua naitrojeni iliyo katika hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mti. Ndiyo maana mvinje huweza kuishi mahali ambapo miti mingine hufa njaa. Katika Bamburi miti hiyo ilishika, ikapeleka mizizi chini kuyatafuta yale maji ya chumvi chumvi, na baada ya miaka michache kivuli kikaonekana mahali ambapo hakikuwapo.

Walakini kivuli peke yake si msitu. Mvinje huangusha vijiti vyake vyembamba, mfano wa sindano, mwaka mzima. Navyo vilirundikana juu ya mwamba, tabaka juu ya tabaka, wala havikuoza. Ndani yake mna tanini, yaani ile dawa kali itumiwayo na watengenezao ngozi, na bakteria wa kuozesha hawaipendi. Basi mti ulikuwapo, takataka zake zilikuwapo, lakini udongo haukuwapo. Na pasipo udongo hapangeota kitu cha pili. Kazi yote ilikaribia kukwama hapo.

MDUDU ALIYELETA UDONGO

Aliyeifungua njia hakuwa mashine, wala hakuwa dawa iliyoletwa kwa meli. Alikuwa jongoo.

Jongoo ni mdudu asiyepewa heshima kwetu. Watoto humgusa kwa kijiti ili wamwone akijikunja. Akina mama humfagia nje mvua zinyeshapo. Na hata methali yetu humtaja kwa kumpunguza, ya kwamba hapandi mtungi. Lakini ilionekana ya kuwa jongoo mmoja wa pwani hii, mwenye mwili mweusi na miguu myekundu, aliweza kuzila zile sindano za mvinje zilizokataliwa na wengine. Huzitafuna, na kinachotoka nyuma yake ni kitu laini ambacho bakteria wanaweza kukimaliza. Hivyo ndivyo ipatikanavyo mboji, yaani udongo mweusi wenye rutuba.

Bwana Haller aliagiza majongoo wakusanywe na kuachwa katika msitu ule mchanga. Wakala, wakazaana, wakaenea. Kidogo kidogo weupe wa mwamba ukafunikwa na weusi wa mboji. Haba na haba hujaza kibaba, twasema. Hapa kibaba kilikuwa shimo zima, na haba ilikuwa kinyesi cha jongoo.

Mboji ilipopatikana, mambo mengine yakafuatana. Miti ya asili ya pwani ilipandwa chini ya kivuli cha mivinje, pamoja na miti ya jamii ya mkuyu ambayo matunda yake huwaita ndege. Na ndege nao huleta mbegu nyingine ambazo hakuna aliyezipanda. Mivinje iliyomaliza kazi yake ilikatwa na kupunguzwa, ili warithi wake wapate jua. Mahali palipochimbwa mpaka majini pakawa mabwawa. Samaki aina ya perege walifugwa, na maji yaliyotoka kwao, yenye mbolea ndani yake, yalitumiwa kurutubisha mimea. Mamba nao walifugwa. Wanyama wakubwa, kama vile pofu na choroa, walikuja baadaye kabisa, wakati palipokuwa na majani ya kuwalisha.

Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1987 Bwana Haller aliingizwa katika orodha ya heshima ya watu 500 wa dunia iliyowekwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Baadaye bustani ikaitwa kwa jina lake.

MATEMBEZI YETU

Tulifika asubuhi, wazee kwa vijana, kabla jua halijawa kali. Nasi twawashauri wasomaji wafanye vivyo hivyo, au waende alasiri, kwa kuwa adhuhuri wanyama wengi hujificha.

Kitu cha kwanza kilichotupokea hakikuwa mnyama bali sauti. Upepo ukipita katika mivinje hutoa uvumi mfano wa bahari isikiwayo kutoka mbali, na baadhi ya vijana wetu walidhani ufuo u karibu. Njia hupita chini ya miti. Kobe wakubwa wa Aldabra, ambao asili yao ni visiwa vya Shelisheli, huonekana wakijikokota bila haraka, nao watoto huwafuata kwa adabu ambayo hawaonyeshi kwa wakubwa wao. Tumbili huruka juu na kumtazama kila mwenye mfuko mkononi. Yafaa mfuko ufungwe.

Tuliwaona viboko wakitoa pua tu juu ya maji, na mamba waliolala midomo wazi kama magogo yaliyopasuka. Tuliiona bustani ya mitende na jamaa zake, mingine ambayo majina yake hatukuyajua, na akina mama katika kundi letu walisimama hapo zaidi kuliko mbele ya mamba. Twiga ndio waliowafurahisha watoto kuliko wote, kwa sababu huinamisha shingo na kula katika kiganja cha mtu. Ulimi wao ni mrefu, wa rangi ya zambarau, na unakwaruza kidogo.

Lakini tulilolikumbuka sana ni jambo ambalo halina kibao. Mahali fulani njia hukaribia ukingo wa shimo, na hapo ukuta wa mwamba umesimama wazi kama ulivyoachwa na mashine. Ukiutazama kwa karibu utaona ndani yake alama za matumbawe na kombe za baharini zilizogeuka mawe. Juu ya kichwa chako ni usawa wa ardhi ya zamani. Mahali unaposimama ni chini ya shimo. Kisha ukigeuka unaona miti mirefu kuliko ukuta ule. Kijana mmoja wa kundi letu aliinama, akachimba kwa kidole. Mboji ilikuwa nyeusi na yenye ubaridi. Na hapo chini, si mbali, kidole chake kiligonga jiwe. Ndipo wote tulipofahamu ya kuwa msitu huu wote umesimama juu ya blanketi jembamba, lililofumwa na wadudu.

KIBOKO NA KOBE

Haiwezekani kutaja mahali hapa bila kutaja habari iliyolieneza jina lake duniani. Mwezi wa Desemba mwaka 2004 kundi la viboko lilichukuliwa na maji ya Mto Sabaki hata baharini, karibu na Malindi. Tarehe 26 mwezi huo yalifika yale mawimbi makubwa yaliyotoka upande wa Sumatra na kuua watu wengi katika nchi za Bahari ya Hindi. Kiboko mmoja mtoto, asiyetimiza mwaka, alionekana peke yake juu ya mwamba wa bahari. Watu wa Malindi, wavuvi wakiwamo, walisaidiana na maofisa wa wanyama pori wakamnasa kwa nyavu, wakampakia garini na kumpeleka Bamburi. Wakampa jina la Owen.

Alipofunguliwa alikimbilia nyuma ya kobe mmoja mkongwe wa Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, na ambaye jina lake lilikuwa Mzee. Mzee hakumtaka mara moja. Alijaribu kujiondokea kwa mwendo wake ule ule. Walakini yatima hakukata tamaa, na baada ya siku chache walikuwa wakila pamoja na kulala pamoja. Waliishi hivyo mpaka mwaka 2007, kiboko alipokuwa mkubwa mno, ikahofiwa asije akamwumiza mlezi wake. Ndipo akahamishiwa kwa kiboko wa kike aitwaye Cleo.

Habari hii imesimuliwa sana kwa ajili ya utamu wake. Sisi twaongeza jambo moja. Yatima yule alipata pa kupelekwa kwa sababu miaka 33 kabla ya siku hiyo mtu alipanda miche juu ya mawe. Lau lile shimo lingeachwa kama lilivyokuwa, huruma yote ya wavuvi wa Malindi isingekuwa na mahali pa kumshushia.

YATUPASAYO

Katika vitabu vya fiqhi mna mlango mzima juu ya kuhuisha ardhi iliyokufa, na wanavyuoni wameeleza ya kwamba kuizungushia ardhi mawe na kuitia alama hakuhesabiwi kuwa ni kuihuisha. Sharti ifanyiwe kazi. Ni neno la kuzingatiwa katika siku zetu, ambapo ni rahisi kusimamisha kibao chenye picha ya mti kuliko kuumwagilia mche miezi sita.

Wala tusidanganyike kwa uzuri wa Bamburi tukasema, basi chimbeni, mtapanda baadaye. Shimo lililorudishiwa uhai si sawa na msitu ambao haukuguswa. Katika pwani yetu ya Kenya ipo misitu ya Kaya iliyotunzwa na wazee wa Mijikenda kwa vizazi, na mwaka 2008 baadhi yake ikaandikwa katika urithi wa dunia. Miti yake na udongo wake havikutengenezwa na mtaalamu yeyote. Kuilinda misitu ya namna hiyo ni kazi nyepesi kuliko kuitengeneza upya. Na wazee wetu wamekwisha kutuonya ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena bustani hii ni mali ya kampuni, na kampuni hubadilika mikono. Hii ya Bamburi ilinunuliwa mwaka 2024 na kampuni ya Amsons ya Tanzania. Watu wa pwani hatuna mkono katika biashara hizo, lakini tuna macho na tuna ndimi. Mahali panapotembelewa, panapofundishiwa watoto, panapojulikana historia yake, ni vigumu kupasahau. Basi na tuende, na tuwachukue watoto wetu; na tuwaulize walimu wao kama wamepata kuwaonyesha jongoo, au wamewaonyesha twiga tu.

Mwisho kuna mashimo madogo. Kutoka Mtwapa hata Kilifi na kwingineko, wachonga mawe wamechimba matofali ya matumbawe ya kujengea nyumba zetu, na mengi ya mashimo hayo yameachwa wazi. Mvua ikinyesha hujaa maji. Mbu huzaliana humo, na watoto huogelea pasipo mtu wa kuwatazama. Hayana kampuni kubwa wala mtaalamu kutoka Uswisi. Lakini mvinje hauulizi utajiri wa anayeupanda, na jongoo haombi mshahara. Wazee wa kijiji wakikubaliana na mwenye shamba, na vijana wa madrasa au wa shule wakigawana miche, kila mmoja mche wake na jina lake na zamu yake ya maji, shimo moja laweza kuanzwa katika mvua hizi zijazo. Mnazi ukingoni, mivinje ndani, na subira juu ya yote. Miche 23 kati ya kila 26 yaweza kufa. Atakayeanza na ahesabu ile mitatu.